Ekipe iliyouza mbegu yake: msimu wa 2023 wa Carolina Panthers



Mwezi uliopita niliweka hapa picha yangu nikiwa ndani ya shamba la mihogo. Nilitaka mutazame majani, juu yalikuwa na mosaiki mbaya sana, na nilitumaini tutajadiliana. Hakuna aliyejadili majani. Wote muliuliza juu ya mayo niliyovaa, ile ya bluu, namba 9, yenye jina Young mgongoni. Mmoja aliuliza huyo Young anachezea ekipe gani ya Uingereza. Mwingine alisema nimeiokota ku soko ya Kadutu bila kujua ni ya nani.

Ninajua vizuri ni ya nani. Ni ya Bryce Young, kijana anayetupa mpira wa Carolina Panthers, ekipe ya futiboli ya Kimarekani ya mji wa Charlotte. Nilitumiwa na yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyefika kule kwa njia ya wakimbizi na ambaye anafanya kazi ya usiku ndani ya depo ya bidhaa. Alinunua mbili, yake na yangu, mwezi wa 5 wa mwaka 2023, akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto. Kufikia mwezi wa 1 wa 2024 ekipe ilikuwa imecheza mechi 17, imeshinda 2, imepoteza 15. Kati ya ekipe 32 za NFL, hakuna iliyofanya vibaya kuliko hiyo.

Niliahidi kwamba nitaeleza ilikuwaje. Ninaeleza sasa, na nitaeleza kama agronomu, juu sina namna nyingine ya kufikiri.

Mutaniuliza kwanza: Panthers wanatuhusu nini? Wanatuhusu kidogo. Mwaka 1996, ekipe hiyo ikiwa imemaliza msimu mmoja tu wa maisha yake, ilimchagua kijana aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974, Tshimanga Biakabutuka. Wamarekani walimuita Tim, munajua vile majina yetu yanawashinda. Alikuwa amekulia Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montréal, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Kule, mwaka 1995, katika mechi na adui wa jadi, Ohio State, alikimbia na mpira yadi 313 kwa siku moja. Alichaguliwa wa 8 katika nchi nzima. Alichezea Panthers hadi 2001, lakini maumivu ya mwili hayakumpa nafasi ya kuonyesha yote aliyokuwa nayo. Na huo msimu wake wa mwisho, wa 2001, ekipe ilishinda mechi ya kwanza kisha ikapoteza 15 mfululizo. Kwa hiyo kupoteza mechi 15 hakukuanza na Bryce Young.

Yaya alipofika Charlotte hakujua kitu juu ya mchezo huu. Mzee mmoja wa kazini alimuuliza anatoka nchi gani. Akajibu Congo. Mzee akapiga kelele: "Biakabutuka!" Basi, kuanzia siku ile yaya akawa mtu wa Panthers, na mimi nikawa mtu wa kupokea audio zake usiku wa siku ya yenga, mega zikiwepo.

Mchezo wenyewe sitaueleza wote, tutalala hapa. Shikeni haya tu. Kila upande una watu 11. Wanaoshambulia wanapewa majaribio manne ili wasogeze mpira yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Wakifaulu wanapewa mengine manne, wakishindwa wanaacha mpira. Karibu kila jaribio linapita mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Anapokea mpira, anatazama mbele, anachagua nani wa kumtupia. Muda wake ni kama sekunde tatu. Mbele yake wanasimama wanaume watano wanene, wengi wao wanapita kilo 130, na kazi yao ni kuwazuia adui ili kijana apate hizo sekunde. Mimi ninawaita ukuta. Ukuta ukianguka, kwotabeki anaangushwa chini na mpira wake mkononi, na yadi zinarudi nyuma.

Sasa sikilizeni vizuri kipande kinachofuata, hapo njo kuna mbegu.

Ndani ya NFL hakuna kushuka daraja. Ekipe ya mwisho inabaki. Tena inapewa zawadi: mwezi wa 4 kunakuwa na drafti, ambako ekipe zinachagua wachezaji wanaotoka ku vyuo vikuu, raundi saba, na aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita anachagua wa kwanza. (Fikirini kidogo, wenzangu wa lisansi: nchi ambako wanafunzi wanaitwa kwa majina mbele ya televisheni na kazi inawangojea. Sisi tunazungusha CV mpaka karatasi inakuwa njano.) Ekipe hazina shule zao za watoto kama Barcelona. Wanaweza kununua wachezaji waliomaliza kontra, lakini hao ni ghali, na kuna kikomo cha mishahara ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola milioni 224 na zaidi kwa ekipe nzima. Kijana wa drafti analipwa kidogo kuliko mkubwa, kwa miaka minne. Kwa hiyo zamu za drafti ni mbegu. Ukiwa nazo nyingi, hata msimu ukiharibika, unajua utapanda nini mwaka kesho.

Lakini zamu inauzwa. Na hauuzi ya mwaka huu peke yake: unaweza kuuza ya mwaka kesho na ya mwaka unaofuata, mbegu ambayo bado haijavunwa.

Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2023, Panthers walikuwa na zamu ya 9. Walitaka ya 1, iliyokuwa mikononi mwa Chicago Bears. Wakawapa Chicago zamu yao ya 9, zamu ya 61, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, zamu ya raundi ya pili ya 2025, na juu ya hayo yote D.J. Moore, mdakaji wao bora, mtu ambaye misimu mitatu kati ya ile aliyocheza pale alikuwa amepita yadi 1,000. Kwa zamu hiyo ya 1 walimchukua Bryce Young wa Alabama, aliyekuwa ameshinda tuzo ya Heisman ya 2021, ambayo ndiyo kubwa kwa mchezaji wa chuo kikuu. Ana mita 1.78, mfupi kwa kazi ile, lakini akili yake ya kusoma mchezo ilisifiwa na kila mtu. Houston Texans, waliokuwa na zamu ya 2, walimchukua C.J. Stroud wa Ohio State.

Ile zamu ya 61 tuiangalie vizuri, juu ina historia. Mwezi wa 10 wa 2022 Panthers walikuwa wamemuuza mkimbiaji wao Christian McCaffrey kwa San Francisco 49ers, na walilipwa zamu nne za drafti. Zamu ya 61 ilikuwa moja kati ya hizo, tena iliyokuwa bora. Maana yake waliuza ng'ombe, halafu wakachukua franga za ng'ombe wakaongeza ku bei ya mche mmoja. Na ng'ombe yule? Msimu wa 2023 alikimbia yadi 1,459, hakuna aliyemfikia ndani ya NFL nzima, na ekipe yake ikacheza Super Bowl.

Nisiwe mwongo: walikuwa na sababu. Tangu enzi ya Cam Newton, aliyewafikisha Super Bowl ya msimu wa 2015, walikuwa wamejaribu kwotabeki mmoja baada ya mwingine, Teddy Bridgewater mwaka 2020, Sam Darnold mwaka 2021, Baker Mayfield mwaka 2022, wote waliotokea ku ekipe zingine, na hakuna aliyeshika mizizi. Mtu akichoka kuazima jembe anataka la kwake. Ekipe zingine pia zimelipa sana kwa kwotabeki na zikafaulu. Mimi sigombani na kununua. Ninagombana na kile walichotoa. Kwetu mkulima akila mbegu anakula juu ya njaa, mwezi wa 8, watoto wakitazama kitunga. Panthers hawakuwa na njaa. Msimu wa 2022 walikuwa wameshinda mechi 7, na kochi wa muda, Steve Wilks, aliyeshika ekipe ikiwa imeshavunjika, alishinda 6 na kupoteza 6. Kazi hakupewa. Mwenye ekipe, David Tepper, tajiri wa mambo ya fedha aliyeinunua mwaka 2018 kwa zaidi ya dola bilioni 2, hakuwa na njaa, alikuwa na haraka.

Basi mche ukafika. Tuangalie udongo.

Kijana anayeanza anahitaji vitu viwili: ukuta wa kumlinda, na mdakaji anayejua kujitenga na adui haraka, ili hata pasi isiyo nzuri ipate mwenyewe. Mdakaji wa namna hiyo njo alikuwa Moore, na Moore alikuwa ameshapanda ndege ya Chicago. Walimleta Adam Thielen, mzee wa miaka 33, ambaye Mungu ambariki alidaka mipira 103, karibu kila kitu kizuri kilipita kwake. Kijana waliyemchagua raundi ya pili ili asaidie, Jonathan Mingo, alimaliza msimu bila tachidauni hata moja. Na ukuta: wanaume wa katikati waliumia mmoja baada ya mwingine tangu mechi ya kwanza, kila wiki sura mpya, watu ambao hawakuwa wamezoeana. Bryce Young aliangushwa mara 62 katika mechi 16. Hesabuni wenyewe: karibu mara nne kila mechi, na kila mara ni mtu wa kilo zaidi ya 110 anayekuja kwa mbio juu ya kijana wa kilo 92.

Mutu akianguka vile kila wiki, macho yake yanabadilika. Yaya aliniambia hivi ndani ya audio moja ya mwezi wa 10: "Mudogo wangu, huyu mtoto haangalie tena mbele, iko naangalia wenye kuja kumupiga." Kwa mtu aliyejifunza mchezo ukubwani, ninaona alisema kweli kuliko wachambuzi wengi.

Wasaidizi wa ulinzi, yaani upande wa pili wa ekipe, sina mengi ya kuwasema. Walifanya kazi: kwa kuhesabu yadi walizoruhusu walikuwa wa 4 ndani ya ligi. Lakini ukikaa uwanjani muda wote juu wenzako hawawezi kushika mpira, mwishowe utachoka.

Mechi sita za kwanza walipoteza zote. Ya saba ilikuwa tarehe 29 mwezi wa 10, na wageni walikuwa nani? Houston, pamoja na Stroud, yule wa zamu ya 2. Marekani yote ilikuwa imeshaanza kusema Panthers walichagua mtoto asiye sahihi. Siku ile Panthers walishinda 15 kwa 13, kwa teke la sekunde ya mwisho. Yaya alipiga simu ya kawaida, ya kulipia, kutoka Marekani, kuniambia kwa sauti ya mtu aliyetoka kanisani. Tulifikiri mvua imeanza.

Haikuanza. Wiki mbili baadaye, tarehe 9 mwezi wa 11, walienda Chicago na wakapoteza 16 kwa 13. Muione vizuri mechi hiyo, mimi bado inaniuma: Panthers wanacheza na watu waliowauzia mbegu, D.J. Moore amesimama upande ule mwingine, na kila mechi ambayo Panthers wanapoteza inaipandisha thamani zamu ambayo Chicago wanaingojea kwa mwaka unaofuata. Chicago walikuwa wanavuna mara mbili kwa jasho moja. Ekipe ya kawaida ikiwa ya mwisho ina faraja ya kuchagua wa kwanza. Panthers hata faraja ya kuwa wa mwisho walikuwa wameiuza.

Halafu kuna mambo ya kochi. Frank Reich aliajiriwa mwezi wa 1 wa 2023. Mwaka 1995 yeye mwenyewe ndiye alikuwa kwotabeki wa kwanza kuanza mechi kwa Panthers, kwa hiyo kurudi kwake kulipendwa. Mwanzo yeye ndiye aliyeamua kila jaribio liende vipi. Baada ya mechi sita za kupoteza akampa msaidizi wake Thomas Brown kazi hiyo. Baada ya mechi tatu akaichukua tena. Tarehe 27 mwezi wa 11, akiwa na mechi 11 na ushindi 1, alifukuzwa. Siku ile ile alifukuzwa pia Josh McCown, mwalimu wa makwotabeki, mtu aliyekaa na Bryce Young kila asubuhi. Chris Tabor, aliyekuwa anashughulikia mambo ya mateke, akapewa ekipe nzima. Na kazi ya kuamua majaribio ikarudi tena kwa Brown.

Hesabuni: ndani ya msimu mmoja, kijana wa miaka 22 alibadilishiwa sauti inayomuongoza mara tatu. Na Reich hakuwa wa kwanza. Chini ya Tepper, Ron Rivera alifukuzwa msimu ukiendelea mwaka 2019, Matt Rhule vile vile mwaka 2022, ingawa Rhule alikuwa amepewa kontra ya miaka saba. Mahindi ya milimani kwetu yanapita miezi mitano kabla ya kukauka. Kuna mkulima anayeyang'oa mwezi wa pili ili aone kama mizizi imeshika? Akiyarudisha ndani ya udongo, atashangaa nini yakinyauka?

Hapa ninaomba ruhusa niseme neno langu mwenyewe, halafu turudi Charlotte.

Kazi yangu ya kwanza baada ya lisansi ilikuwa ku mradi mmoja, jina halina faida. Nilipewa vikundi vya wakulima huko Walungu, maharagi na mahindi, msimu A. Munajua msimu A: tunapanda mwezi wa 9, mvua zikianza. Mbegu zilifika mwezi wa 11. Moto niliyoahidiwa haikufika kabisa. Nilitembea kwa miguu, nikapanda na wakulima kile kilichoweza kupandwa, na mwezi wa 2 akaja mtu na fishi ya tathmini. Ndani ya fishi hakukuwa na sehemu ya kuandika tarehe ya mbegu. Kulikuwa na sehemu ya kilo kwa hekta. Aliandika kilo, akaandika jina langu, na kontra haikuendelea. Wengi wenu humu munajua fishi ile.

Kwa hiyo mwishoni mwa 2023, niliposoma kila mahali kwamba Bryce Young "ameshindwa", nilisoma na fishi ile kichwani. Kilo zake zilikuwa hivi: pasi 11 za tachidauni, 10 zilizodakwa na adui, yadi 2,877. Za Stroud kule Houston: 23, 5, yadi 4,108, na tuzo ya kijana bora wa upande wa mashambulizi. Tofauti ni kubwa, sitaificha, na si yote ya udongo. Young alifanya makosa yake. Mechi na Indianapolis alimtupia adui mmoja, Kenny Moore, mipira miwili ambayo yule aliikimbiza yote mpaka tachidauni. Hapo hakuna ukuta wa kulaumu peke yake. Lakini fishi haikuwa na sehemu ya 62.

Tena kuna siku mbili za mwezi wa 12 ambazo fishi haikuziona vizuri. Tarehe 17, Atlanta Falcons walikuja Charlotte chini ya mvua kubwa. Yaya alikuwa ndani ya uwanja, alipewa tiketi na mtu wa kazini ambaye hakutaka kulowa. Panthers walikuwa nyuma 7 kwa 6, mpira uko karibu kabisa na mstari wao wenyewe, dakika saba na kidogo zimebaki. Kijana akawapeleka yadi 90, jaribio kwa jaribio, mpira unateleza kama sabuni, mpaka saa ikaisha na teke likawapa 9 kwa 7. Ushindi wa pili, na wa mwisho. Wiki iliyofuata, na Green Bay, alitupa yadi 312, mechi yake bora. Walipoteza 33 kwa 30. Yaya alisema baada ya hapo alianza kumuogopea zaidi, juu sasa alijua kuna kitu cha kupoteza.

Mechi mbili za kufunga msimu hawakupata pointi hata moja. Tarehe 31 mwezi wa 12, Jacksonville 26, Panthers 0. Siku ile kamera zilimkuta Tepper, mwenye ekipe, ndani ya chumba chake cha uwanjani, akiwamwagia mashabiki wa Jacksonville kinywaji chake kutoka juu. Ligi ilimtoza dola 300,000. Siongezi kitu. Tarehe 7 mwezi wa 1, nyumbani, Tampa Bay 9, Panthers 0. Kesho yake meneja mkuu, Scott Fitterer, aliyefanya ile biashara na Chicago, alifukuzwa naye.

Tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka 2024, Detroit, drafti ikafunguliwa. Zamu ya 1, iliyozaliwa na zile mechi 15 za Charlotte, ilitangazwa kwa jina la Chicago Bears, na wakamchukua kwotabeki Caleb Williams. Audio ya yaya usiku ule ilikuwa ya sekunde nne. Alipumua tu.

Mutafikiri hadithi inaishia hapo, Chicago wanacheka. Hapana, na hiki njo kipande ninachokipenda kama agronomu. Msimu wa 2024 Chicago wenye mbegu bora ya nchi nzima walishinda 5 na kupoteza 12. Caleb Williams aliangushwa mara 68, zaidi hata ya Young. Kochi wao alifukuzwa mwezi wa 11. Mbegu ilihama shamba, na ugonjwa ukaonekana kule pia.

Na Panthers? Kochi mpya, Dave Canales. Safari hii walianza na ukuta: walinunua wanaume wawili wa katikati, Robert Hunt na Damien Lewis, kontra ambazo kwa pamoja zinapita dola milioni 150. Watu walicheka, milioni 150 kwa wanene wasiogusa mpira! Kijana alianza vibaya hata hivyo, na baada ya mechi mbili Canales akamketisha. Magazeti yakamzika. Mwezi wa 10 mzee aliyekuwa amechukua nafasi yake, Andy Dalton, aliumia kidole katika ajali ya gari, na Young akarudi juu hakukuwa na mwingine. Msimu ule aliangushwa mara 29. Walimaliza na ushindi 5, hesabu ile ile ya Chicago, na mechi ya mwisho, kule Atlanta, walishinda 44 kwa 38 katika muda wa nyongeza: pasi tatu za tachidauni na mbili alizokimbia mwenyewe.

Raundi ya pili ya 2025, mkia wa lile deni, ilienda Chicago pia, zamu ya 39. Sasa wamemaliza kulipa.

Yaya ameniuliza kama nataka mayo mpya, hii imeanza kupauka ku mabega. Nimekataa, ya kwanza inatosha. Nitaivaa tena siku ya yenga ijayo tukienda kung'oa ile mihogo yenye mosaiki, na nitaweka picha hapa. Safari hii, tafadhali, mutazame majani.